Beti Tatu Ulizozikata

Mpendwa Mwalimu,

Hapa Bunia bado tunakuita hivyo, ingawa sasa naliandika neno hilo kwa shida.

Ulipofika, vita vilikuwa vimetulia kidogo, watu wakirudi nyumbani huku wakichungulia. Miaka arobaini ulikuwa umeziandikia muziki okestra za kwenu Uingereza: jazi, filamu, redio. Ulituambia mwenyewe, ukinywa chai katika duka langu la mabati, kwamba simu ilikuwa imeacha kulia. Nilikuonea huruma. Mimi niliyejisomesha noti peke yangu, huku nikipima misumari kwa kilo, ulinifundisha kunakili sehemu za fanfari ya parokia: tarumbeta nne, tromboni mbili, kila mstari kwa rula. Ulisema, "Mama, wewe ni saa, hukosei pigo." Nilitembea na neno hilo wiki nzima.

Kisha ukasikia wimbo wa kilio alioutunga mama yangu. Beti saba, kwa watu saba waliotoka asubuhi kwenda soko la Iga Barrière wasirudi. Hatukupata hata nguo ya kuzika. Ndiyo maana tunawaimba: kila mmoja ana ubeti wake, na ubeti ndio kaburi lake. Ulipoomba kuuandika upya kwa okestra, mama alikushika mkono.

"Kila ubeti iko muntu. Usikate."

"Nimeelewa," ukajibu.

Mwaka jana ukatuma rekodi ya tamasha la kwenu. Tuliketi ukumbini, wanakwaya ishirini na wawili, mama mbele. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Fidla zako, sikatai, zilinitoa machozi. Halafu tarumbeta ikajitenga, ikaanza kuchezacheza, na watu wa kwenu wakapiga makofi na miluzi. Kwenye kilio. Ukaja ubeti wa nne, na wimbo ukaishia hapo. Mama akaendelea kungoja.

"Na Dieudo, wataimba yeye saa ngapi?"

Dieudo ni kaka yangu. Ubeti wa sita.

Nilipokuuliza, uliandika kwamba wasikilizaji wangechoka. Basi nikairudia rekodi na saa mkononi. Ubeti mmoja, sekunde hamsini. Beti tatu, dakika mbili na nusu. Tarumbeta peke yake ilipiga dakika mbili na nusu, hakuna sekunde iliyozidi. Nafasi ilikuwepo, Mwalimu. Uliwatoa watu watatu, ukamweka mpuliza tarumbeta.

Nasikia wimbo umekuinua, simu inalia tena, unaalikwa huku na huku. Nikikumbuka makofi yale, chai ile tuliyokunywa pamoja inanirudi kooni.

Sitaki sifa, wala jina la mama katika kijitabu chenu cha tamasha. Warudishe watatu hao mahali pao, au uuondoe wimbo mzima, usipigwe tena. Nimenakili upya karatasi zote saba, moja kwa kila ubeti, kwa mkono wangu na kukutumia, usiseme zilipotea.

Mungu akulinde kwa muda wa kuziandika beti hizo tatu. Mama amezeeka, na kila Jumapili bado ananiuliza kama Dieudo ameshaingia.

Ni mimi,
dada ya ubeti wa sita