Bunduki ya Rangi Aliyoiacha Kaka Timotheo

Ilomba,
S.L.P. 618,
MBEYA.
Jumapili, 19 Juni, 1977.

Mpendwa mdogo wangu Liberatus,

Kamwene, mdogo wangu. Hii ni barua yangu ya kwanza kwako tangu tumzike kaka yetu, na hata salamu sijui nizianzie wapi. Hujambo huko Dresden? Baridi imepungua? Kile kifua kilichokusumbua mwezi wa pili kimepona, au bado unakohoa asubuhi? Je, unakula? Hilo la mwisho Mama ameniagiza nikuulize kabla ya yote, nami nimelichelewesha kidogo tu.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Wifi Apolonia anakula kijiko kimoja, viwili, kisha anasukuma sahani. Binti yake Juliana amerudi shule, ila mwalimu wake anasema siku hizi hanyooshi mkono darasani, naye alikuwa hodari wa hesabu. Mimi mkono wangu wa kulia hauumi tena. Nitakueleza kwa nini, ingawa afadhali ungeuma mpaka leo.

Barua yako ya tarehe 24 Mei niliipata. Umeuliza jambo moja tu, umeliuliza mara tatu katika ukurasa mmoja: kama kaka alikufa akiwa na kinyongo nawe. Nimekaa na barua hiyo siku nyingi kwa sababu sikutaka kukujibu kwa kukuliwaza. Nataka nikueleze yote kama yalivyokwenda, kisha uamue mwenyewe. Soma taratibu.

Kazi yangu pale karakana, alikokuwa kaka fundi, unaijua. Vitanda vya hospitali na viti vya shule vikishaunganishwa, huletwa chumbani kwangu vipuliziwe rangi ya unga. Unga unatoka kwenye bunduki ukiwa na umeme, chuma kimefungwa waya wa kwenda ardhini, basi unga unakimbilia chuma na kukishika, kisha tanuri linauyeyusha. Haya wewe unayesomea umeme unayajua kuliko mimi. Lakini hukuwahi kuishika ile bunduki. Kaka aliipeleka siku moja dukani, akaomba wampimie kwenye mizani ya sukari. Kilo moja na robo tatu, na hapo hujahesabu ule waya mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe, unaoning'inia nyuma na kukuvuta kifundo cha mkono kutwa nzima. Mwaka wa pili nikawa siwezi kufunga khanga yangu mwenyewe. Ndoo ya maji alinibebea Apolonia.

Kaka hakunipa pole. Unamjua, hakuwa mtu wa pole. Alikuja na tonge la udongo wa mfinyanzi, akaliweka mkononi mwangu, akasema, "Shika kama unavyoishika kazini. Kaza." Nikakaza. Alilitazama lile tonge lenye alama za vidole vyangu, akalifunga kwenye gazeti, akaondoka nalo. Baada ya wiki akaniletea mpini wa mti umechongwa sawasawa na kiganja changu. Kitufe cha kubonyeza alikifanya kirefu, nikibonyeze kwa vidole vinne badala ya kimoja. Ndivyo alivyoanza.

Ila waya ulimshinda. Mwaka jana, wakati wa Pasaka, alikuandikia kukuuliza namna ya kuutoa uzito ule. Ukamjibu. Barua hiyo ninayo. Uliandika kwamba mambo ya umeme mkubwa kiasi hicho awaachie wenye maabara, na kwamba fundi wa Mbeya hawezi kubuni kitu ambacho watu wa huko Ulaya bado wanahangaika nacho. Siyarudii ili nikuumize. Umeniuliza, nami siwezi kuruka hapo. Kaka aliisoma amesimama mlangoni, akaikunja, akasema, "Libe amesema kweli. Yeye ndiye msomi." Michoro akaiweka kwenye sanduku la vifaa, na kwa miezi minne hakuigusa. Aliumia, mdogo wangu. Nisingekuwa dada yako kama ningekuambia kwamba hakuumia.

Basi ikafika Agosti. Unaujua upepo wetu wa mwezi huo, ule mkavu unaopasua midomo. Apolonia alikuwa uani anamchana Juliana kwa kitana cha plastiki, na nywele zikawa zinalialia. Mtoto anacheka, anasema kitana kinamng'ata. Kaka akakichukua, akakisogeza karibu na ungo wenye unga wa sembe. Unga ukaruka ukaganda kwenye meno ya kitana! Akakipangusa, akakisugua tena kwenye nywele za mtoto, unga ukaruka tena. Alirudia mpaka Juliana akachoka na kukimbia.

"Vere," akaniambia, "waya hatuuhitaji. Unga wenyewe ukisuguliwa unapata umeme."

Sijawahi kumwona mtu mzima amefurahi namna ile.

Nyuma ya karakana kuna pampu mbovu iliyotupwa. Humo alichomoa kipande cha plastiki nyeupe inayoteleza kama sabuni, ile mnayoiita teflon. Alikitoboa kwenye mashine ya kukerezea akapata mrija, unga upite humo kwa nguvu ya hewa na kujisugua kwenye kuta zake. Kiwiliwili alikitengeneza kwa alumini ya masufuria mabovu aliyoyayeyusha. Akaipeleka bunduki yake mpya kwenye mizani ileile ya dukani. Haikufika nusu kilo.

Siku ya kuijaribu tulikuwa watatu: kaka, mimi, na msimamizi wetu Bwana Budeba, yule Msukuma ambaye ndugu zake wanafuga huko Ubaruku. Kaka alinipa mimi niishike. Nikabonyeza, nayo ikatoa wingu laini bila mlio, bila cheche. Unga ukashika bomba la kitanda mbele, ukazunguka ukashika na nyuma. Ukaingia hata kwenye zile pembe za ndani ambazo bunduki ya zamani haikuwahi kuzifikia. Bwana Budeba akapiga makofi: "Hii kitu imekubali, Timo! Imekubali!" Kaka alikuwa amepiga magoti, anachungulia zile pembe.

Mvua zilipoanza, ikakataa. Unga ulimwagika sakafuni kama uji uliomponyoka mtu. Ikaonekana ile hewa inayotoka kwenye kompresa ina maji. Masika yote kaka alihangaika na maji hayo. Alijaribu kupitisha hewa kwenye mkaa, kwenye chumvi iliyokaangwa, kwenye chupa ya mchanga mkavu. Inakubali saa moja, kisha inakataa.

Sasa nafika mahali pagumu.

Tarehe 20 Aprili, siku ya Jumatano, alikuwa anakata kifuniko cha alumini cha kukamatia maji. Kipande chembamba kikamchana kidole cha shahada. Mimi ndiye niliyemfunga, kwa kitambaa kilichokuwa juu ya meza. Nikamwambia, "Kaka, nenda ukachomwe sindano." Akasema, "Kwa mkwaruzo huu? Nesi atanicheka." Nami nikacheka naye. Libe, nilicheka. Jumamosi akaenda kutia samadi kwenye maharage na kidole hichohicho.

Asubuhi ya Mei Mosi tulijiandaa kwenda kwenye gwaride. Apolonia akamwekea chai, mdomo ukagoma kufunguka. Tukadhani jino. Kufika Jumatatu shingo ilikuwa imekaza, tukampeleka hospitali. Pepopunda. Madaktari na manesi hawakumwacha hata saa moja, walifanya kila walichoweza, hilo usiwe na shaka nalo. Walimweka chumba chenye mapazia, tukaambiwa tusiseme kwa sauti wala tusiangushe kitu, maana kishindo kidogo kilimkunja mwili mzima kama upinde.

Kitanda alicholalia kilikuwa chetu. Nilikitambua nilipoinama kumfunika miguu. Pale mabomba yanapokutana rangi haikuingia, kutu ilikuwa imeanza. Ni mimi niliyekipulizia, kwa ile bunduki nzito. Nilivuta shuka nikaifunika kutu ile, kana kwamba angeinuka kunikagua.

Siku ya Ijumaa alipata nafuu kidogo. Alinitazama, akasema kwa meno yaliyofungana, neno mojamoja: "Mwandikie Libe."

Nikanong'ona, "Nimwambie unaumwa?"

Akafumba macho kukataa. Akapumzika. Kisha: "Maji. Kwenye hewa. Yeye atajua."

Degedege likamshika tena, nesi akaniambia nitoke. Maneno mengine hakusema, si kwangu wala kwa Apolonia. Alifariki Jumatatu tarehe 9, saa nne asubuhi. Apolonia alikuwa amemshika mkono ule usio na kidonda.

Tulimsafirisha kwa lori la karakana mpaka Kalenga. Bwana Budeba alikaa nyuma na jeneza njia nzima, Makambako baridi, Mafinga baridi, na alikataa kuja mbele. Huko nyumbani maneno yalikuwa yametutangulia kwamba Timotheo ameuawa na bunduki aliyokuwa akiitengeneza kwa siri. Wazee walinitazama kwa jicho la kuuliza. Mama alinivuta ndani, akanishika mabega.

"Niambie kweli, Verediana. Mwanangu alikuwa anatengeneza bunduki ya kumpiga nani?"

"Si ya risasi, Mama. Ni ya kupulizia rangi vitanda vya wagonjwa. Alinitengenezea mimi, kwa sababu ya mkono wangu."

Mama akaushika mkono huu wa kulia, akaugeuza juu na chini, akauweka shavuni. Afadhali angenipiga.

Tuliporudi Mbeya, Bwana Budeba alinikabidhi sanduku la vifaa la kaka. Ndani mlikuwa na michoro, karatasi kumi na moja. Nimeipitia yote hapa mezani. Pembeni ya michoro, kwa penseli, katika mahali saba ameandika "muulize Libe." Muulize Libe unene wa mrija. Muulize Libe kama unga wa rangi nyeupe unasuguliwa sawa na wa kijani. Ya mwisho ni ya mwezi wa tatu: "Maji!! Muulize Libe." Wakati ule nilikuwa nimemuuliza kwa nini hakuandikii. Alinijibu, "Nitamwandikia ikikubali kabisa. Sasa nitampotezea masomo yake bure."

Hilo ndilo jibu langu. Kinyongo hakuwa nacho. Alikuwa anakuonea aibu, wewe mdogo wake ambaye yeye mwenyewe alikufundisha kuendesha baiskeli, na hilo linaniuma kuliko kinyongo. Nadhani nawe litakuuma. Lakini tangu ulipomwambia hawezi, mtu aliyekuwa akizungumza naye kwenye karatasi zile alikuwa ni wewe.

Mvua zimekwisha, hewa ni kavu, na bunduki yake imekubali tena. Bwana Budeba ameagiza itumike kazini, na ile nzito imewekwa stoo. Wiki iliyopita nimepulizia vitanda ishirini na vinne. Jioni nilifunga khanga yangu mwenyewe, kisha nikakaa chini nikalia mpaka Apolonia akaja kukaa nami.

Nimekunakilia michoro yote, imo humu ndani ya bahasha, na yale maswali saba nimeyaandika kwa wino mwekundu yasikupite. Katika barua yako umeniomba msamaha kurasa mbili nzima. Usiniombe tena, mimi si wa kukusamehe, nami nina yangu ya kuombea msamaha. Mvua zitaanza Novemba, na ikifika Novemba bunduki hii itakataa. Jibu maswali yake, Libe. Moja baada ya jingine, kama vile ameketi mbele yako. Majibu yakifika nitamsomea Bwana Budeba, tutaifanya kazi.

Apolonia anakusalimu, shemeji yake. Anasema shati ulilomtumia kaka amelihifadhi. Juliana anamsalimu baba mdogo na anauliza kama huko vitana vinang'ata nywele wakati wa baridi. Bwana Budeba anakuamkia kwa heshima. Mama nitamwona mwezi ujao nikienda Kalenga, nitamwambia unakula, usinifanye mwongo. Nisalimie na wale vijana wa Iringa mnaosoma pamoja.

Mungu aliyempokea kaka akulinde wewe tuliyebaki naye, akutie nguvu katika masomo, na siku moja akurejeshe nyumbani tukasimame pamoja pale kaburini.

Ni mimi dada yako akupendaye kama zamani, wala si pungufu,

Verediana