Ndugu wa Nyuki

Pagirė, 21 Machi 1994

Baba mpendwa,

Kuna sauti haijanitoka masikioni tangu juzi. Niligonga mizinga kama ulivyonifundisha, kwa kidole kimoja, sikio kwenye ubao. Sita ilijibu vuu, mara moja, ikanyamaza. Wa tatu uliguna kwa muda mrefu, ukafifia polepole, kama mtu aliyeulizwa swali asilotaka kulijibu.

Nisamehe kwa kuanza na hayo kabla ya kukujulia hali. Kifua kinaendeleaje? Na homa za jioni? Daktari bado anasema utatoka Juni? Mimi ni mzima. Chuo kimenipa ruhusa ya muhula wote, Vilnius haikimbii. Theluji imebaki nyuma ya ghala tu. Jana mchana nyuki walitoka kujisaidia, mara ya kwanza tangu baridi ianze, wakanichafulia shuka nilizoanika. Mzee Zenonas alicheka kutoka upande wake wa ua: "Hiyo ndiyo asante yao ya mwaka, binti! Usizifue, zitandike hivyo hivyo!"

Wa tatu nitaufungua likitoka jua la kutosha. Naogopa wengi wamekufa.

Binti yako,
Giedrė

Hospitalini, 25 Machi

Giedrė mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara nne. Kifua kinakwaruza, lakini nakula. Kitanda cha jirani yangu ki kitupu tangu Jumanne, tuliache hilo.

Jambo moja. Usiniandikie kwamba nyuki "wamekufa". Ng'ombe hufa, mbwa hufa. Nyuki hufariki, kama sisi. Ndivyo tunavyosema kwetu, na wewe uliyesoma usitusahaulishe.

Fungua mzinga huo, unieleze kila kitu. Wenzangu hapa wana picha za watoto chini ya mto. Mimi nikifumba macho napita kwenye mizinga yangu, wa kwanza hadi wa saba, ndipo naweza kumeza vidonge vyao.

Baba

Pagirė, 29 Machi

Baba,

Pole kwa jirani yako, na pole kwa kukwaruza kwa kifua.

Niliufungua jana. Vifuniko vya majana, watoto wa nyuki walio kwenye masega, vimebonyea, vina rangi ya kahawa, vingine vina matundu. Harufu ni ya gundi ya seremala. Nilichomeka njiti ya kiberiti kwenye kijumba kimoja, nikaivuta. Ulifuata uzi wa kahawia, urefu wa kidole, haukukatika. Nikafungua na mingine. Wa nne ni hivyo hivyo, na wa sita.

Unaujua uozo huu, na unajua hauna tiba ila moto: mizinga, masega, na nyuki wenyewe. Mierebi ikichanua, nyuki wa Mzee Zenonas watakuja kuiba asali kwenye mizinga yetu iliyodhoofika, wataubeba hadi kwao. Na huyu si jirani tu. Mwaka niliozaliwa kundi lake lilitua kwenye mtofaa wetu, hakulidai, na tangu siku hiyo mnaitana ndugu wa nyuki.

Nataka kumwambia. Nimeshika kitasa cha mlango mara mbili. Lakini nyuki ni wako. Nipe neno lako.

Giedrė

Hospitalini, 31 Machi

Mwanangu,

Nampa barua hii muuguzi anayekuja huko, ikufikie kabla ya Pasaka.

Usimwambie mtu. Hiyo ni baridi tu imepiga majana, nimeiona mara mia. Njiti za kiberiti ni mambo ya vitabu vyako. Punguza milango ya hiyo mitatu, ibaki nafasi ya nyuki mmoja, ungoje nirudi niangalie mwenyewe. Zenonas ana mdomo. Akijua yeye, wilaya nzima itajua, na watachoma yote saba. Nitarudi kwenye nini?

Kama unanipenda, ngoja.

Baba yako

Pagirė, 9 Mei

Baba,

Natumaini homa imeshuka. Barua zako mbili za Aprili nilizipata, sikuzijibu.

Nilikutii. Nilipunguza milango. Siku ya Pasaka Mzee Zenonas alileta mayai ya rangi, tukagonganisha kuona la nani litabaki zima, langu likapasuka. "Kuku wako nao wanasoma chuo?" akasema. "Ganda laini hivi!" Nilicheka. Nikamkatia keki.

Mierebi ilipochanua nilisimama uani nikiwatazama nyuki wake wakijipenyeza kwenye milango yetu. Nilitazama siku tatu.

Alhamisi iliyopita Mzee Zenonas alikuja na kipande cha sega ndani ya gazeti. "Nusa. Wewe ndiye msomi. Niambie siyo."

"Ndiyo yenyewe, Mzee."

"Imetoka wapi?"

"Kwetu."

Akakaa kwenye ngazi. "Umejua lini?"

Ningeweza kusema jana. "Tangu mwezi wa tatu."

"Na ukagonganisha mayai na mimi."

Daktari wa mifugo alikuja Ijumaa. Jumamosi jioni, nyuki wote wakiwa ndani, tulichoma yetu saba na yake tisa katika shimo moja. Tulilichimba sisi wawili, yeye upande wake, mimi upande wangu. Tukafukia. Ndipo akaniuliza kama wewe ulijua. Akanipa hata jibu: "Baba yako mgonjwa. Bila shaka hukutaka kumsumbua."

Niliingia ndani nikaitoa barua yako ya tarehe thelathini na moja Machi, nikampa. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja. Ameondoka nayo.

Binti yako,
Giedrė