Mgongo wa Mgeni Kwenye Maji Moto

Dada Adela,

Hujambo na migomba yako? Huku Gisenyi kiangazi kimeanza. Nyumba za zamani za ufukweni ni nzuri, ila nazipita sina hata mtu wa kumwambia, "Hebu ona ile."

Jana nilienda kwenye chemchemi ya maji moto kando ya ziwa, watu wanakokanda viungo. Nilikuwa nimekaa peke yangu, miguu majini, bibi mmoja akanipa kitambaa na kunigeuzia mgongo kana kwamba tunajuana.

"Mama, unisugulie. Mi mikono haifike."

Nikamsugua kama nilivyozoea kumsugua Mama, mabega kwanza, halafu polepole kushuka. Akafumba macho.

"We unajua hii kazi. Sasa mama yako umemuacha na nani?"

Nikamwambia umebaki naye wewe. Wala sikudanganya, kaburi lake si unaliona kila ukifungua dirisha la jikoni.

Umwagilie yale maua ya kaburini, na ujitunze. Nikirudi nitakusugua wewe, maana mikono yangu haijazoea kukaa bure.

Mdogo wako,
Yustina