Ng'ombe Anayenitaka Mimi Tu

Jumatatu, 4 Machi

Mawingu tena. Betri ya sola hoi, simu inapumulia juu juu. Ujumbe wa binti yangu umeingia hata hivyo — anajifungua wiki hii, wakati wowote. Mtoto wa kwanza! Anasema anaogopa, niende.

Nimemwambia Mzee naondoka. Kaguna. Kisha kauliza: na Madamu atakamuliwa na nani?

Madamu ni ng'ombe wetu. Katika nyumba hii ana sauti kuliko mimi.

Jumanne, 5 Machi

Mzee kajaribu kukamua. Kakaa kushoto! Nikamwambia mimi hukaa kulia siku zote, ng'ombe kazoea. Akasema kulia kuna tope. Teke moja — ndoo chali, mume wangu chali. Nilicheka mpaka machozi, halafu yakawa machozi kweli. Asipokamuliwa, kiwele kitavimba, na sisi tunaishi kwa maziwa yale.

Tulihamia huku tujitegemee. Umeme wetu, maji yetu ya mvua, mboga zetu. Kumbe wa kutegemewa ni mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Pampu imegoma. Nimemwagilia bustani kwa ndoo, mgongo si wangu. Nikasema tumwombe jirani wa ng'ambo ya bonde aje kukamua. Mzee hataki mtu baki zizini. Nimemjibu vibaya.

Binti kapiga. Miguu imevimba. Kauliza nimefika wapi — nikasema nakuja, simu ikazimika. Naichukia betri hii. Nazichukia hata kabichi!

Jumamosi, 9 Machi

Jua! Nimepitiwa na usingizi, nimeamka kumeshakucha. Ndoo haipo. Nikatoka mbio, nikakomea nyuma ya tangi la maji.

Mzee yuko zizini. Kakaa kulia, kwenye kigoda changu, paji la uso kaliegemeza ubavuni mwa Madamu. Ng'ombe anatafuna zake, katulia tuli. Povu limefika ukingoni mwa ndoo. Mikono ile haijifunzi leo. Mtu kakulia kwenye ng'ombe, nami nikasahau!

Kaniona. Kasema aliniona nimechoka, akaniacha nilale.

Nikasema, kumbe unajua kukamua.

Akasema, huku anamtazama ng'ombe, si mimi: ukienda, hutarudi huku.

Hasira zilinipanda hadi masikioni. Mwanangu anahangaika peke yake, na mimi nimefungwa kamba ambayo haikuwepo! Simu ilipopata chaji nikamwita mtu wa pikipiki. Nikafunga begi.

Sasa naandika ukingoni mwa kitanda. Pikipiki inapiga honi getini. Mzee kalikalia begi langu hapo mlangoni, nguo zake zimelowa maziwa, mtu mzima na mvi zake. Kasema hanizuii. Nimwambie tu kwamba nitarudi, atasimama.

Neno moja tu. Nimefungua kinywa mara ya pili sasa, halitoki —