Praima ya Gari la Taata

Jumamosi, 7 Juni

Nimemkanda Taata, baba yangu, mkono wa kulia. Maji ya vuguvugu, mafuta kidogo, kidole kimoja kimoja kuanzia gumba. Mwishoni huwa naweka mkono wangu ndani ya wake na kumwambia abane. Leo hakubana. Alitazama migomba ya kibanja chetu kupitia mlangoni mpaka nikamaliza kumfuta.

Nilifika jana kutoka Kahororo ninakosoma. Mama alinieleza yote tukimenya ndizi.

Mwaka jana Taata alipopata kiharusi, karakana yake ya kupaka magari rangi pale Bukoba ilifungwa. Vifaa vikaletwa hapa nyumbani Rubya. Mtaalamu wa mazoezi alisema mkono unahitaji kazi ndogondogo kila siku, la sivyo utabaki ulivyo. Shangazi Adelina, dada mkubwa wa Taata, anauza mitumba Bukoba. Ndani ya robota la nguo za watoto alikuta boksi ambalo halijafunguliwa. Vipande vya plastiki vya kuunganisha gari dogo la mfano, likikamilika linatosha kiganjani. Akamletea mdogo wake.

Taata aliunganisha bodi nzima kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukijifunza kushika. Alimaliza siku za Pasaka. Nilikuwepo. Alicheka mara ya kwanza tangu augue.

Juzi alilipaka praima, rangi ya chini inayotangulia rangi yenyewe. Alitumia anayoijua, ile nyekundu ya mageti na chesisi. Akaichanganya na thina ya kuyeyushia rangi, akapaka nzito izibe mikwaruzo, kama anavyofanya kwenye bati. Maisha yake yote amepaka bati. Bati haliogopi thina. Plastiki ililainika na kukunjamana.

Mama anasema hakupiga kelele. Alilifunika gazeti, akaliweka nyuma ya magunia ya kahawa. Tangu hapo hafanyi mazoezi.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Taata hakwenda misa. Watu watatu waliniuliza hali yake. Nilijibu anaendelea vizuri. Ni uongo, na nilikuwa bado kwenye uwanja wa kanisa.

Baada ya chakula alimwambia Mama ampigie Byabato, fundi rangi wa Muleba mjini. Byabato amekuwa akitaka kuinunua kompresa ya Taata kwa muda mrefu. Sasa Taata anasema aje aichukue. Na bunduki ya rangi, na mashine ya msasa, na kila kitu.

Mama alipiga simu. Byabato atakuja Jumamosi ya tarehe 21.

Taata akiuza vifaa atakuwa ameamua kwamba amekwisha. Hilo ndilo ninaloliogopa. Siogopi umaskini kama ninavyoogopa hilo.

Jumatatu, 9 Juni

Nimelitazama gari. Nililitoa nyuma ya magunia alipokuwa amelala.

Hali mbaya. Paa limepasuka kama udongo wa kiangazi. Mistari ya milango imezibwa na praima. Ubavuni imetiririka na kuganda. Kwenye boneti kuna alama ya kidole, nadhani ni chake, alijaribu kushika kabla haijakauka.

Nataka kulitengeneza. Mama amekataa. Anasema kazi ya baba haisahihishwi na mtoto. Nikiigusa nitakuwa nimemwambia usoni kwamba ameshindwa. Najua ni kweli. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo, na sijawahi hata kukalia kiti chake.

Lakini pia ni kweli kwamba tarehe 21 inakuja.

Jambo zito la kumwambia baba hupitia kwa shangazi. Kesho nitampigia.

Jumanne, 10 Juni

Nimempigia Shangazi. Alicheka sana kuhusu praima ya mageti. Kisha akasema anakuja keshokutwa, nisiguse kitu.

Alhamisi, 12 Juni

Shangazi amekuja na kurudi leo hiyohiyo. Alileta samaki, na kwenye mfuko mwingine misasa ya maji ya namba tofauti, puti nyekundu ya kuzibia mashimo, na kopo la kupulizia la praima ya kijivu. Muuzaji amemhakikishia ni ya plastiki. Alinikabidhi mfuko jikoni kama mtu anayeleta chumvi.

Walikaa barazani wakiongea Kihaya. Mimi nilikuwa uani nageuza kahawa kwenye mkeka. Sikujificha, ila sikuondoka pia.

Alianza kwa kumtania. Kwamba fundi mkubwa wa Bukoba ameangushwa na gari lisilo na injini. Taata hakucheka. Alisema hakuangushwa na gari, ameangushwa na mkono.

Shangazi akamjibu, "Mkono haukuchagua thina. Kichwa ndicho kilichagua, na kichwa chako ni kizima. Hilo ni kosa la fundi, ndugu yangu. Si kosa la mgonjwa."

Niligeuza kahawa ileile mara mbili.

Shangazi akasema Kemi, yaani mimi, anaomba lile gari. Taata akasema, "Mpe achezee. Ni kichezeo tu."

Iliniuma. Lakini ni ruhusa.

Ijumaa, 13 Juni

Kwenye boksi kulikuwa bado na fremu zilizobaki baada ya vipande kukatwa. Plastiki ni ileile. Nilipaka kipande cha fremu praima nyekundu, nikakiacha juani, kisha nikakichovya kwenye mafuta ya breki. Taata ana chupa yake kwenye vifaa. Mafuta ya breki hutoa rangi ya gari, kila mtoto wa fundi anajua, ndiyo maana huruhusiwi kuyamwaga kwenye boneti. Sikujua kama yatakula na plastiki pia. Nilivaa mifuko ya nailoni mikononi.

Jioni rangi ilikuwa imeinuka. Plastiki chini yake iko salama.

Nimejifunza kitu. Anza na kile usichoogopa kukipoteza.

Jumamosi, 14 Juni

Gari limelala kwenye beseni la zamani, ndani ya mafuta. Nimelifunika kwa sababu ya kuku. Taata alipita na fimbo yake kwenda msalani. Hakutazama. Nadhani hakutazama.

Jumatatu, 16 Juni

Siku mbaya.

Asubuhi praima ilitoka vizuri. Iliteleza kama ngozi ya maziwa. Nilisugua kwa mswaki na sabuni, mistari ya milango ikaanza kuonekana. Nilifurahi nikaongeza nguvu. Nguzo ya kioo cha mbele ikavunjika. Ilikuwa nyembamba kama njiti.

Nililia uani. Kazi yake ya miezi, na mimi nimeivunja kwa kufurahi.

Nikaenda kumwonyesha. Sikutaka aikute mwenyewe. Niliweka gari na kile kipande mezani mbele yake, nikasimama mikono nyuma kama mbele ya mwalimu mkuu.

Alilitazama muda mrefu. Akasema, "Unasugua kama sufuria."

Basi. Hilo tu. Lakini ni neno la kwanza aliloniambia mimi juu ya gari tangu siku ile. Kisha akavuta gundi kwa mkono wa kushoto, akanielekeza kwa kidevu nishike wapi. Nguzo imerudi. Ukikaribia unaona kiungo.

Jumanne, 17 Juni

Rangi imetoka yote, lakini plastiki yenyewe ina makovu. Paani ndiko zaidi. Thina ilikula.

Nilipaka puti nyembamba, nikasubiri, nikaanza msasa wa maji. Tatizo likawa kushika. Gari ni dogo, limelowa, linateleza. Nikilibana kwa mapaja linapinda. Nikilishika kwa mkono mmoja msasa unakwenda upande.

Taata alikuwa akinitazama kutoka kwenye kiti. Akaniita. Akachukua gari kwa kushoto, akalipachika kwenye kiganja chake cha kulia, akakunja vidole juu yake kimoja kimoja.

Mkono wake una shida hii: ukishafunga, haufunguki upesi. Mtaalamu anaulalamikia. Mama akimpa kikombe hulazimika kumsaidia kukiacha. Sasa gari lilikaa mle ndani bila kutikisika hata kidogo. Sijawahi kuona kibanio kizuri kama kile.

Nilisugua paa. Maji mekundu ya puti yalitiririka kwenye kifundo cha mkono wake. Alisema nisibonyeze, niache msasa ufanye kazi wenyewe. Nikizunguka nitachimba shimo, niende mbele na nyuma, kisha nikatize upande kwa upande. Nikafanya hivyo.

Kugeuza upande ilibidi afungue mkono. Alichukua muda. Jasho lilimtoka. Sikumsaidia, kwa sababu hakuniomba. Ulifunguka. Tukageuza. Akafunga tena.

Tulifanya hivyo mpaka Mama akatuita kula. Hakuna aliyetaja mazoezi.

Alhamisi, 19 Juni

Jana yote msasa. Leo praima ya kijivu.

Nilimwagia uwanja maji kwanza, vumbi lisiruke. Mama alizima moto jikoni bila kuambiwa. Nililitundika gari kwenye waya chini ya paa la banda.

Nilipuliza. Karibu mno. Likalowa ubavuni, nikaona linataka kutiririka kama lile la kwanza.

"Acha," Taata alisema. "Usilifute. Ondoka."

Niliondoka. Aliniambia nikae chini. Alisema praima nyingi huharibiwa na mtu anayerudi kufuta. Tukakaa tu. Ilipokauka, tone lilikuwa limebaki moja, dogo, nikalisugua na msasa laini.

Mara ya pili alisimama nyuma yangu na fimbo. Nianze kupuliza kabla ya gari, nimalizie baada ya gari. Mkono upite, usisimame. Nyembamba hata plastiki ionekane. Alisema, "Praima si nguo ya kuficha. Ni ya kukuonyesha palipo na kasoro."

Na ilionyesha. Makovu ya paani yako palepale, membamba kama nywele.

Ijumaa, 20 Juni

Tumesugua paa tena na kupuliza tena. Boneti ni safi. Milango ni safi. Ile alama ya kidole haipo. Paani bado kuna mstari mmoja ambao haukubali.

Kesho ni Byabato. Nilitarajia Taata aseme amebadili mawazo. Mchana aliniomba nifute kompresa vumbi. Nikaifuta. Nilitaka sana kumwomba asiviuze.

Usiku. Siwezi kulala. Nilifikiri tukilitengeneza gari, vifaa vitabaki. Hakuna aliyeniahidi hivyo. Nilijiahidi mwenyewe.

Jumamosi, 21 Juni

Byabato alikuja na gari la mizigo. Mtu mnene, mpole, mikono ina rangi kwenye kucha. Mama alimpa kahawa ya kutafuna, akachukua mbegu mbili kwa heshima. Waliulizana habari za nyumbani kwa utaratibu wote.

Akaona gari juu ya meza. Aliuliza kabla ya kuligusa. Akalipeleka kwenye mwanga, akalilaza, akapitisha kidole.

"Nani kapaka hii?"

Taata akasema, "Mimi na binti yangu. Ya kwanza niliiharibu."

Alieleza yote. Praima ya mageti, thina, gazeti, magunia. Alieleza kama mafundi wanavyosimuliana kazi zilizowashinda. Byabato alicheka mpaka akashika tumbo, na Taata naye akacheka. Nilisimama mlangoni na sinia, nikasahau kulipeleka.

Kisha walipakia. Kompresa. Mashine ya msasa. Bunduki ya rangi ndani ya kitambaa chake. Kila kitu. Nilihisi kama wanabeba mtu.

Byabato aliporudi kuaga alibaki amesimama. Akasema vijana wake pale Muleba wana nguvu lakini hawaoni. Wanapaka juu ya kasoro, wateja wanarudisha magari. Akamuomba Taata aende siku moja moja, akae tu, aangalie praima kabla ya rangi kuwekwa. Atamfuata na gari na kumrudisha.

Niliogopa Taata ataona ni huruma. Alimtazama Byabato kama anavyotazama bati.

Akasema, "Macho yangu hayakupooza. Lakini nikisema irudiwe, irudiwe. Hata kama mwenye gari amesimama hapo."

Byabato alijibu kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, ndicho ninachokiomba."

Wamekubaliana Jumanne.

Jumapili, 22 Juni

Misa. Wote watatu. Taata alitembea polepole, tukafika baada ya wimbo wa kwanza.

Nilipomkanda asubuhi alibana. Si sana. Nilihisi mfupa wa kidole changu.

Nilimwuliza kama ameumia kuona vifaa vikiondoka. Alisema ndiyo.

Jumanne, 24 Juni

Byabato alimfuata mapema. Taata alivaa shati la kazini, lile lenye madoa. Mama alimfungia vifungo viwili, cha tatu akamwachia mwenyewe. Tulisubiri mpaka akakiweza.

Nilishinda na lile paa. Msasa laini, maji, mbele na nyuma. Mstari umepungua, haujaisha. Kuna mahali nilipogundua kwamba nikiendelea nitafika kwenye plastiki. Nikaacha. Nikalikausha na kuliweka kivulini.

Mama aliniuliza gari litakuwa rangi gani. Sijui. Taata hajasema.

Saa kumi na mbili. Ndizi zimeiva, Mama amezifunika kwa majani. Ameingia ndani, ametoka, amekaa barazani karibu nami. Kila gari likisikika barabarani anainua kichwa kidogo. Zamani ilikuwa hivi kila jioni, tukimsubiri arudi kazini, na mimi nilikuwa naona inachosha.

Limepita moja. Si lenyewe. Tunaendelea kukaa.