Mpungate Uliodhaniwa Mlingoti

Shamba la Mkonge,
karibu na Kigombe,
Tanga.
29 Julai, 1956.

Mpendwa Mjomba Methusela,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakusihi ufunge mlango. Maneno ya barua hii yawe yako peke yako. Usimsomee mtu yeyote, hata mkaza mjomba, ingawa najua ni msiri. Zaidi ya wote, yasimfikie baba kule Lushoto. Siku nilipoandikwa kazi alisimama baada ya ibada akawatangazia washarika wote kwamba mwanawe ni karani. Sitaki asimame tena kutangaza lingine.

Shikamoo, mjomba. Hamjambo nyote hapo Dodoma? Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukiinama bustanini? Mimi mwili wangu mzima. Homa ya mwezi wa tano iliniacha, nakula samaki kila siku, na joto la pwani nimeanza kulizoea.

Sasa nieleze shida yangu. Bwana meneja wetu ana bustani ndogo nyuma ya ofisi. Hakuna maua ndani yake. Ameijaza mchanga na mawe ya matumbawe, na humo amepanda miti ya miba ya nchi za jangwa. Mmoja anaupenda kuliko yote: mpungate uliosimama wima kama nguzo, hauna tawi wala jani. Aliupanda mwaka 1934 ukiwa mfupi kama kidole. Kwa mwaka hupanda upana wa vidole viwili tu, na alipoondoka ulikuwa umenifikia kiunoni. Kila Krismasi hupiga msumari ukutani kuonyesha ulipofika.

Alikwenda likizo Ulaya mwezi wa tatu akaniachia ufunguo wa bustani na daftari la maagizo. Maji kikombe kimoja kila wiki mbili, na wakati wa masika nisimwagilie kabisa, bali niufunike kwa bati. Nilifuata kila neno. Hata Tabia, mama auzaye vitumbua mlangoni pa ofisi, alikuwa akinicheka: "Karani, mtoto wako huyo mbona haongezeki? Au unamlia chakula chake?"

Mjomba, nakiri kwamba niliipenda kazi ile. Asubuhi kabla ya kengele nilikuwa nakaa pale peke yangu, roho imetulia, nautazama mti usiokuwa na haraka.

Mwanzoni mwa Juni magugu yaliota baada ya mvua. Nikamtuma Mzee Asheri apalilie. Huyu ni mzee wa Kilutheri kutoka kusini, amekata mkonge miaka ishirini, na sasa macho yamepungua ndiyo maana amepewa kazi za uani. Nilikuwa na orodha za kumaliza, kwa hiyo nikampa ufunguo tu. Sikutoka kwenda kumwonyesha.

Sharti nikueleze desturi ya huku. Mkonge ukizeeka hutoa katikati mlingoti mnene wa kijani, ambao baadaye huwa mrefu kupita nyumba. Wakataji wa zamani kama Mzee Asheri huukata mlingoti ungali mchanga, kwa kuwa wanaamini unanyonya nguvu za majani. Ndivyo mikono yake ilivyozoea. Nilipofika nilimkuta ameketi juu ya jiwe anafuta jasho, na mpungate umelala mchangani, umebaki kisiki cha shibiri mbili.

"Karani, mbona unaniangalia kama nimekata mguu wa mtu?" akasema. "Nimekuokolea mkonge wako. Ulikwisha toa mlingoti."

"Mzee, huo si mkonge."

"Ala! Kitu cha kijani, kinene, kimesimama wima katika shamba la mkonge, nikiite nini? Mhogo?"

Nilipomweleza, alilisukuma panga kando. Kisha akauliza kama ataondolewa kwenye nyumba ya kambi, yeye na mkewe Praxeda, maana hawana kwingine. Ningemwahidi nini? Mimi mwenyewe bado nimo katika majaribio, sijathibitishwa kazini.

Nilikumbuka maneno yako siku ya harusi ya dada Lea, kwamba mti wa miba uliokatika haupandwi mbichi, sharti kidonda kikauke kwanza. Nikakiegemeza kile kipande ghalani, mahali pakavu penye kivuli, wiki tatu nzima. Kilipokauka kikawa kigumu kama gome, nikakipanda kwenye mchanga mtupu pembeni mwa kisiki. Sikutia tone la maji. Sasa nikikishika taratibu hakitikisiki, nadhani kimetoa mizizi. Na kisiki nacho, mjomba, wiki iliyopita kimetokeza vinundu vitatu ubavuni, kama pembe za mwana-mbuzi! Nilimwita Mzee Asheri akaviona kwa vidole vyake. Alicheka mpaka akakohoa.

Siku hiyohiyo akanipa shauri. "King'oe kisiki, ukitupe. Hiki kipande ulichopanda kiweke mahali pake, halafu hamisha misumari ishuke. Miezi sita Ulaya mtu husahau hata jina la mbwa wake."

Sitakuficha, nyundo niliishika. Msumari mmoja niliung'oa. Lakini nilipotazama vile vinundu nilishindwa kukitupa kisiki kinachohangaika kuishi. Nikaurudisha msumari katika tundu lake, nikafungua daftari la Bwana na kuandika: "Tarehe 6 Juni mpungate ulikatwa kwa panga. Mpaliliaji hakuonyeshwa mti. Kosa ni la karani." Nikatia sahihi. Tangu siku hiyo nalala usingizi mzuri.

Bwana anarudi tarehe 25 Agosti. Kwa hiyo nijibu upesi: vinundu vile ni matawi kweli, au ni ugonjwa? Nivisaze vyote vitatu au kimoja? Na kipande nilichopanda kianze kupewa maji lini? Nataka nikisimama mbele yake niwe na la kumwambia zaidi ya samahani.

Msalimie mkaza mjomba, na Kristina, na Luka mdogo aliyenitumia picha ya punda. Mungu awafunike kwa mkono wake na aipe bustani yako mvua ya kiasi.

Jibu usilitume ofisini, kwani barua zote hupita mezani kwa karani mkuu. Andika jina langu, na chini yake "kwa mkono wa Tabia binti Mjaka, muuza vitumbua, Kigombe"; dereva wa basi la asubuhi atamfikishia. Baada ya tarehe 25 tuma nakala ya pili kwa rafiki yangu Idarusi, fundi cherehani wa Makorora, Tanga mjini, kwa maana sijui nitakuwa wapi. Popote itakaponikuta, anza na habari za mti, ndipo unigombeze.

Mpwa wako anayekukumbuka kila asubuhi,
Noa