Rezo Isiyofika Wamaza

Salamabila, wakati wa mvua

Mama mupenzi,

Yesu asifiwe. Nakusalimia wewe kwanza, halafu nyumba yote. Goti lako linasema nini? Bado linakataa kupanda ile njia ya kisima? Na mupunga umetoka vizuri, au ndege wamekushinda tena? Riziki anasoma? Anakula? Mwambie mimi mama yake nina hamu ya kumusuka nywele. Sisi huku tunapumua. Nikisema zaidi ya hapo, nitakuwa nakudanganya.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Antena ya simu pale kilimani imenyamaza tangu mvua zianze. Wanasema mafuta ya jenereta hayafiki kwa sababu ya njia. Sasa simu zetu ni za kuangalia saa na kumulika tu. Barua hii naipa motari mumoja wa kanisa letu anayeshuka Kasongo na pikipiki yake. Kama imeloa, umusamehe. Na nakuomba, Mama, dada Beatrisi ndiye akusomee, siyo Riziki. Utaona sababu.

Unajua namna Baba Riziki anavyolala tangu jiwe la shimo la dhahabu lilipomuangukia. Mugongo haujarudi, na muganga ameacha kutudanganya kwamba utarudi. Kitu ambacho sikukuambia ni kifua. Sauti yake imekuwa ndogo sana. Yeye aliyekuwa anaimba besi kanisani, leo akiniita kutoka kitandani, sauti haivuki mulango wa chumba. Na mimi niko butiki, mbele kabisa, karibu na barabara, na kiwanja chote kiko katikati. Basi nilikuwa ninafunga butiki, ninakimbia kumuangalia, ninarudi, ninafungua. Wateja walichoka. Wengine walikuta mulango umefungwa wakaenda kununua sabuni na chumvi kwingine. Na mara nyingine nilichelewa, nikamukuta ameloa, anaangalia ukuta, hataki nimuone uso.

Shemeji Kitenge, mudogo wake, alipotutembelea akitoka Bukavu, aliona hayo yote. Akatoa katika mufuko wake kisanduku cheupe chenye pembe mbili, kile cha kugawa intaneti wanachoita rutere. Alikipata kule sokoni, kimetumika. Nikamuambia, "Shemeji, hapa intaneti hakuna. Hicho kitatufaa nini?" Akacheka. "Shemeji, sikuletei intaneti. Nakuletea njia ya kusemezana na mume wako." Akakifunga kwa batri ya pano ya jua iliyo juu ya paa, akaweka kitu katika simu yangu na katika simu ya Baba Riziki, akatuambia tuandike jina la kuonekana kwenye simu. Tukaandika Mama Riziki. Alitueleza vizuri kabisa: sauti inatoka kitandani, inapita katika kisanduku, inafika butiki, basi. Haitoki inje. Ni rezo ya nyumba, mutandao wa ndani tu, kama vile kuta ni kuta za nyumba.

Mama, siku ile nilikuwa ninapima muchele, simu juu ya meza ikasema, "Mama Riziki, maji." Nilisimama na kikopo mukononi nikalia. Alisema polepole, akiwa ameweka simu karibu na mudomo, lakini nilimusikia kama ameketi pembeni yangu. Kuanzia hapo tuliacha simu wazi muchana wote. Alisikia wateja wanavyobishana, alisikia habari za mutaa, akarudi kuwa mutu wa dunia hii. Mara nyingine muteja alikuwa ananidanganya kuhusu bei ya samaki, na simu inasema, "Si kweli, nilisikia jana." Watu walicheka, na yeye alicheka kule ndani, ingawa kucheka kunamuuma mbavu. Zilikuwa siku nzuri. Nakuandikia hili kusudi ujue kwamba zilikuwako.

Halafu antena ya kilimani ikazimika. Mutaa mzima watu wakaanza kutembea na simu juu, wanatafuta rezo. Na simu ikitafuta, hapa kwetu inaona jina moja tu, Mama Riziki, na mistari yote imejaa. Wakaja. "Mama Riziki, tupe kode ya kuingia." Nikaeleza. "Hii ni ya mu nyumba tu. Haina intaneti." Wengine nikawapa kode wajaribu wenyewe. Simu ikawaandikia kwamba wameunganishwa, lakini intaneti hakuna. Wakaniangalia. Mumoja akasema, "Kama wameunganishwa, wameunganishwa na nini? Umefunga intaneti ya ndani, mama." Wengine walikubali, wakaenda zao. Wengine waliketi kando ya ukuta wetu na simu magotini mpaka jioni, wakingoja nichoke. Baba Riziki aliona ni kichekesho. Mimi pia, mwanzoni.

Sasa nikuambie juu ya Mama Sifa. Ni jirani yetu wa mulango kwa mulango, mutu wa huku Kabambare, Mwislamu. Siku walipomuleta Baba Riziki kutoka shimoni juu ya mulango wa mbao, ni yeye aliyepasha maji, ni yeye aliyenisaidia kumugeuza na kumuosha, bila kukunja uso. Mume wake ni motari, anabeba watu na mizigo. Mutoto wao ni mumoja tu, Sifa mwenyewe. Alikuwa amejua kutembea juzijuzi, na safari yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa ni kuja butiki kwangu kupanda juu ya gunia la muchele.

Baba Sifa alikuwa amekwenda mbali, Wamaza, na pikipiki wakati mutoto aliposhikwa na homa. Tulifikiri ni homa kama zote. Siku iliyofuata, muchana, Mama Sifa aliingia butiki na mutoto mugongoni, miguu ya mutoto inaning'inia tu.

"Mama Riziki, niitie Baba Sifa."

"Nitamuita na nini, mama? Antena imekufa."

"Na hii yako. Neno moja tu. Arudi na pikipiki."

"Hii haifiki Wamaza. Haifiki hata kule kanisani. Nakuapia kwa Mungu."

"Lakini nakusikiaka kila siku unasema na mume wako!"

"Mume wangu iko hapa, mama. Iko mu chumba."

Hakunisikia. Alichukua simu yangu pale mezani, ilikuwa wazi kama kawaida, akaiweka mudomoni kwa mikono miwili. "Baba Sifa! Baba Sifa! Mutoto anaungua! Acha muzigo, rudi! Baba Sifa, unanisikia?"

Na simu ikajibu, Mama. Ile sauti ndogo ikajibu polepole, "Mama Sifa, ni mimi. Ni Baba Riziki. Niko hapa kitandani. Baba Sifa hawezi kukusikia huku. Unisamehe."

Aliangalia simu. Akaniangalia mimi. Kama ungeona macho yale! Akasema, "Wako anakujibu. Wangu ndiye munamukataza." Akaweka simu chini taratibu, wala hakuitupa.

Nilifunga butiki, tukakwenda pamoja kituo cha afya, nikimushika mukono ingawa mukono wake haukunishika. Muuguzi alivuta kope ya mutoto, akasema damu imekwisha, na hapa hakuna damu ya kumuwekea. Wamukimbize kwenye hospitali kubwa mara moja. Tukatafuta motari. Wa kwanza alisema njia imekatika, hawezi kupita na mugonjwa. Wa pili alisema yuko tayari kujaribu mvua ikipungua, na mvua haikupungua. Nilimutuma kijana mumoja kwa baiskeli kumufuata Baba Sifa, akarudi amejaa matope. Daraja lilikuwa chini ya maji. Kesho yake tulikuwa tumesimama kando ya barabara, mutoto mugongoni kwa mama yake, tunasikia pikipiki inakuja mbali, na mimi ndiye niliyeona kwamba kichwa cha Sifa kimelala vibaya. Sikusema. Nilingoja aone mwenyewe. Hilo ndilo jambo pekee nililoweza kumufanyia.

Baba yake alifika wakiwa wamekwisha kuzika.

Kwenye kilio nilikwenda kama jirani, na sufuria ya maharagwe kichwani. Wanawake walinisogezea mukeka. Mama Sifa aliinua uso, akasema mbele ya wote, bila kupaza sauti, "Wewe ulikuwa na rezo." Basi. Wanawake wakaanza kusogea mumoja mumoja, na mimi nikabaki peke yangu juu ya mukeka ule. Sikujua nisimame au nikae. Maharagwe hakuna aliyeyagusa.

Tangu hapo butiki imekuwa kimya. Watu wanapita, wanasalimia wakiangalia barabara, wanaendelea. Asubuhi moja nilikuta pano ya jua imegeuzwa juu ya paa, uso wake chini. Haikuvunjwa, imegeuzwa tu, kusudi nijue kwamba mutu alipanda.

Siku chache baadaye Baba Sifa alikuja. Nilimuona anaingia kiwanjani, mutu murefu vile, nikaogopa, nikasimama mulangoni pa mugonjwa wangu. Akasema, "Usiogope. Nionyeshe tu." Nikamupa kode. Aliunganisha simu yake, akaangalia mistari, akaanza kutembea. Alitoka barabarani, simu mbele ya kifua, hatua kwa hatua, kama mutu anayebeba maji yaliyojaa. Nilimuangalia kutoka butiki. Alipofika kwa yule mama anayechoma mikate, alisimama, akarudi nyuma kidogo, akasonga tena. Mistari ilikuwa imekwisha. Ni mbali kama kutoka kwako kwenda kwa jirani yako wa chini, Mama. Akarudi.

"Nimeona," akasema. "Haivuki hata kwa mama wa mikate."

"Basi, baba, mwambie mwenzako. Wewe atakusikia."

Alikaa juu ya lile gunia la muchele, kisha akakumbuka ni gunia gani, akasimama haraka. "Siwezi kumuambia, Mama Riziki. Aliniomba nisiende Wamaza. Alisema mutoto hajalala vizuri, nikasema ni meno. Siku akiacha kukuchukia wewe, atanichukia mimi. Na mimi ndiye ninalala naye nyumba moja." Akapangusa uso na mukono wake. "Nakuomba. Mwache akuchukie."

Ungemujibu nini wewe, Mama? Nilitikisa kichwa kukubali. Yeye akanishukuru, akaenda. Na kuanzia siku ile nimebeba kitu ambacho si changu, na hakuna pa kukitua.

Baba Riziki alikuwa amesikia yote, kwa sababu simu ilikuwa wazi. Nilipoingia akasema, "Zima kile kisanduku."

"Na wewe utaniita namna gani?"

"Sitakuita. Nitangoja. Yule mama akisikia sauti yangu inatoka katika simu yako, ni kama tunamupiga kila siku. Zima."

Shemeji aliwahi kusema iko namna ya kuficha jina lile, rezo ifanye kazi bila simu za watu kuliona. Sikumuuliza namna gani, kwa sababu wakati ule tulikuwa tunafurahia kuona jina letu. Sasa yuko mbali na hakuna simu ya kumuuliza. Na hata nikilificha, sauti utaificha wapi, ukuta wa Mama Sifa uko hapa? Nilizima. Kile kisanduku kimekaa juu ya kabati, taa zake zimekufa.

Juzi nilipata wateja, watu wa kupita tu, wasiotujua, nikachelewa nao. Nilipoingia chumbani nilimukuta Baba Riziki yuko chini, nusu kitandani, nusu sakafuni, kikopo cha maji kimemwagika pembeni ya uso wake. Alikuwa amejaribu kukifikia. Nilimuuliza, "Uliniita?" Akasema, "Kidogo." Nilimuinua peke yangu. Zamani ningegonga ukuta tu, Mama Sifa angekuja mbio.

Na ninapokutana naye kisimani sijui nimuite nani. Jina lake lote ni la yule mutoto. Nikisema "Mama Sifa" ninamuchoma, nikinyamaza anaona kiburi. Basi ninainamisha kichwa, ninangoja amalize kuchota, ninachota mimi.

Mama, sikuandikii kusudi uje. Goti lako na njia hii haviwezi kukutana. Wala usitume mutu. Niliandika kwa sababu hapa hakuna hata mumoja ninayeweza kumuambia ya Baba Sifa, na ninyi muko mbali vya kutosha. Usimuambie Riziki kwamba baba yake alianguka. Mwambie baba anamusikia akisoma, kwa sababu kweli anasema anamusikia.

Unisalimie dada Beatrisi, ambaye sauti yake ndiyo unayoisikia sasa. Dada, pole kwa kazi hii. Baba mudogo wa kule sokoni, anayeshona viatu, mwambie viatu vya mume wangu bado vizima kabisa. Mama mukubwa wa korasi aniombee, asiulize kwa sababu gani. Mujomba wa baiskeli na mke wake, bibi yetu mwenye masikio mazito, na katekista aliyetufungisha ndoa, wote nawashika mukono. Riziki umubusu kichwani, pale kati, mahali nywele zinapogawanyika.

Nimeandika haya yote butiki, mulango wazi, hakuna aliyeingia. Nakata hapa, niende kuangalia kama ananiita.

Mimi binti yako anayekupenda,
Honorina, Mama Riziki